Siku Tatu Baina ya Mashine

Mimi si mtu wa kusafiri. Nimefanya kazi bandarini Mombasa miaka thelathini na kitu, nikiandika majina ya meli zinazotoka nchi ambazo sikuwa na haja ya kuziona, na nilipostaafu nilijiambia sasa nitakaa kibarazani kwangu, anayetaka kuniona aje. Safari ya Tanga haikuwa yangu. Ilikuwa ya sahibu yangu, na hadi leo nikiulizwa nani aliianza nasema yeye, kama mtoto anayemsingizia mwenzake. Lakini ndiyo kweli. Yeye ndiye aliyeianza.

Sahibu yangu alikuwa mwalimu wa jiografia. Tulikua mtaa mmoja, tukaoa mwaka mmoja, tukagombana mara ngapi sijui na kupatana bila mtu kutupatanisha. Wazimu wake ulikuwa wanyama. Miaka yote ile aliwafundisha watoto wa watu habari za popo, za kasa, za yule samaki wa kale wanayemwita silikanti, naye mwenyewe kwa macho yake hajaona zaidi ya kunguru na paka wa mjini. Nilikuwa nikimtania kwamba anauza ramani ya nchi asiyoijua. Alikuwa akicheka. Halafu figo zake zikafa zote mbili, na utani ule ukanitoka mdomoni wenyewe.

Akawa mtu wa mashine. Jumanne na Ijumaa alilazwa kwenye kitanda cha hospitali, damu ikatolewa upande mmoja, ikasafishwa, ikarudishwa upande wa pili. Kati ya siku hizo mwili wake haukuwa na njia ya kutoa maji, kwa hiyo alihesabiwa anachokunywa: vikombe viwili vidogo kwa siku, na chai imo humo humo. Joto la Mombasa unalijua. Nilimwona akifyonza kipande cha barafu kama mtoto anayefyonza peremende, nikageuza uso.

"Nimepiga hesabu," akaniambia siku moja. "Nikitoka kwenye mashine Ijumaa jioni, sirudi hadi Jumanne asubuhi. Katikati mna siku tatu nzima ambazo hakuna anayenihitaji. Twende Tanga."

"Tanga kuna nini?"

"Kuna nchi nyingine," akasema. "Sijavuka mpaka hata mmoja tangu nizaliwe. Mwalimu wa jiografia!"

Mkewe hakutaka. Alipoona hawezi kumzuia, alinivuta pembeni siku ile tunaondoka akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Shemeji, namkabidhi kwako. Jumanne asubuhi nimtie kwenye mashine. Akichelewa hata siku moja, nampoteza." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, maji yake nitayachunga mimi. Na niliyachunga wallahi. Nilibeba kikombe kile kile alichopimiwa nyumbani na chupa nikaishika mimi, yeye hakuigusa.

Basi Jumamosi tukavuka mpaka pale Horohoro, tukapigiwa mihuri. Alisimama akautazama muhuri wake mpaka watu wa nyuma yetu wakaanza kuguna. Adhuhuri tukawa tumeshapata chumba Tanga mjini, mtaa wa Usagara, nami nikatoka kutafuta sigara. Nikamwambia mwenye duka, "Nipe pakiti moja." Mama yule alinitazama kutoka juu hadi chini. "Hujambo kwanza?" akasema. Nikabaki nimeduwaa. Kwetu ukisema nipe unapewa na maisha yanaendelea. Pale nikajifunza kwamba husemi nipe, unasema naomba, na kabla ya kuomba unasalimu, na kabla ya kuondoka unashukuru. Nilirudi chumbani nimekasirika kwelikweli. Sahibu yangu aliposikia alicheka hadi akakohoa. Alisema Watanga ndio wenye adabu, sisi tumeharibiwa na haraka ya bandari, na kwa siku zilizobaki atasalimu yeye, mimi nifunge mdomo. Laiti ningeufunga.

Jioni ile tulikwenda kwenye mapango ya Amboni. Sina mengi ya kusema juu ya mapango. Ni giza, yananuka mavi ya popo, na yule kijana wa kuongoza wageni alikuwa na hadithi nyingi kuliko tochi. Lakini sahibu yangu aliomba tochi izimwe, akasimama gizani akiwasikiliza popo wakijipepea juu yetu, na nilipomwita hakuitika. Nikaogopa. Nikamtafuta kwa mikono. Kumbe amesimama tu, mashavu yamelowa, anasema, "Wapo wengi, bwana. Wapo wengi kweli."

Jumapili tukakodi gari. Dereva alikuwa Msambaa, Mlutheri, amekosa ibada kwa ajili yetu, kwa hiyo akatuwekea nyimbo za kwaya njia nzima ili hasara iwe yetu sote. Tulipofika kijiji cha Kigombe alituteremsha kwa wavuvi, kwa sababu sahibu yangu alitaka kuuliza habari za silikanti. Mzee mmoja akasema amewahi kumtoa kwenye nyavu za kina kirefu, mweusi, mzito, macho yanang'aa. "Haliwi huyo," akasema. "Ukimla atakuendesha siku mbili." Sahibu yangu akamuuliza maswali kama ishirini, akaandika majibu yote kwenye daftari. Mzee alifurahi mno, nadhani hajawahi kuulizwa na mtu aliyekuwa akijua jibu na bado anataka kulisikia.

Pangani tukavuka mto kwa pantoni, tukaendelea kusini hadi kijiji chenye ufuko wa kasa. Kulikuwa na kiota kilichokuwa kimetimiza siku zake, na tuliambiwa tumwone mama anayekilinda. Nilitegemea mtu wa sare na buti. Tukakuta bibi mnene wa miaka sabini na zaidi, kanga mbili, miguu peku. Kila alfajiri anatembea ufuko wote akitafuta nyayo za kasa waliopanda kutaga, na akiona kiota anakizungushia miti kisichimbwe na mbwa wala mtu.

"Shikamoo mama," akasema sahibu yangu.

"Marahaba wanangu," akasema, na sisi wawili na mvi zetu tukawa wana.

Vitoto vya kasa vingetoka jua likipungua makali, akasema, na saa zile ilikuwa ndiyo kwanza saa saba. Akatukaribisha kibarazani kwake, akatutandikia mkeka. Joto lilikuwa la kuua. Sahibu yangu alikuwa hajanywa kitu tangu funda la chai la asubuhi, midomo imemkauka imefanya magamba, nami nilikuwa nimejitia ukali, kila akitazama chupa naitia nyuma ya mgongo. Najivunia mwenyewe, mjinga mimi.

Mama akaleta maji. Sahibu yangu akasema ahsante, hana kiu. Akaleta chai. Akasema ameshiba. Mama akaketi chini, akamtazama vizuri. "Mwanangu, nyumbani kwangu huli, hunywi. Nimekukosea nini?"

Alisema kwa upole, lakini niliona imemuuma. Kule mgeni akikataa hata maji, ni kama amekataa nyumba yenyewe. Sahibu yangu akatafuta la kusema. Hakutaka ugonjwa wake utajwe, alishanionya tangu Mombasa: kule ni mgeni tu, si mgonjwa, siku tatu tu. Nilijua. Lakini mimi kimya kikizidi mdomo unaniwasha, nikamwaga mtama wote. Nikamwambia mama kwamba mwenzangu ana figo, anasafishwa damu kwa mashine, maji anapimiwa.

Sahibu yangu hakunitazama. Alitazama mikono yake.

Na mama yule, badala ya kusikitika, uso ukamchangamka. "Figo? Hilo tu? Mbona dawa iko juu ya mnazi hapo." Akatueleza marehemu mumewe alivyokuwa akigaragara kwa maumivu ya figo, mkojo umefunga, na alivyomnywesha madafu siku saba mpaka vijiwe vikatoka. Kila mtu pale anajua kwamba dafu husafisha figo. Hata mimi najua. Kwetu Mombasa nani hajui? Mama yangu alinilea kwa maneno hayo, na mimi nimewaambia wanangu maneno hayo hayo.

Akatuma mkwezi aitwe. Mkwezi alikuwa amelala, Jumapili, akaja anapiga miayo, akapanda mnazi ambao mama alimwonyesha mwenyewe, si ule wa karibu, ule wa nyuma wenye madafu matamu. Yote hiyo kwa ajili ya mgeni aliyekataa maji. Akayakata kwa panga, akampa sahibu yangu la kwanza kwa mikono miwili.

Alilishika. Akanitazama sasa. Nimeufikiria mtazamo ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na wakati ule nilidhani nimeuelewa. Nilidhani ananiomba ruhusa, kwa sababu mimi ndiye mwenye kupima. Nami nilikuwa nimeshapiga hesabu: hajagusa maji yake ya siku, dafu si maji matupu, tena ni dawa.

"Kunywa bwana," nikamwambia. "Usimvunje mama wa watu."

Akasema bismillahi, akanywa. Sijawahi kuona mtu akinywa vile. Alifumba macho, na maji yakamteremka kidevuni hadi kwenye shati. Mama alikuwa anatabasamu kama mtu anayemwona mtoto wake mgonjwa anakula. Akampa la pili. Alilinywa polepole zaidi. Mama hakumuuliza tena, akamtilia mkononi la tatu, na hilo nalo akalimaliza, akala hadi nyama yake laini kwa kijiko cha kifuu. Akasema, "Ahsante mama. Mungu akuzidishie." Na mimi nikafurahi! Nikasema moyoni, angalia, leo amekuwa mtu.

Saa kumi na moja tukateremka ufukoni. Mama alipiga magoti akaufukua mchanga kwa vidole, kidogo kidogo, na mchanga ukaanza kutikisika wenyewe. Kikatoka kichwa. Kikatoka kingine. Kisha vikachemka vyote pamoja, vyeusi, vidogo, unaweza kukificha kimoja kwenye kiganja, vinapandiana migongoni. Mama alituambia tusiviguse hata kimoja, hata kikipinduka. Lazima kitembee chenyewe hadi majini, ndipo kitaijua njia ya kurudi. Kazi yetu ilikuwa kufukuza kunguru na kaa tu.

Nikafukuza kunguru, mzee mzima, nikitupa kanzu huku na huku. Sahibu yangu hakufukuza kitu. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye mchanga, shavu chini, ili awe sawa navyo, na kimoja kilipita karibu na pua yake. Alikuwa analia na kucheka. Nikamwita mwendawazimu. Akasema, "Nyamaza, wewe. Nimefundisha hili miaka thelathini." Kimoja kilichelewa, kikabaki nyuma ya wenzake kinajikokota, na kaa akakidaka kabla sijafika, akazama nacho tunduni. Sahibu yangu alikiona. Tuliporudi nilimwona amegeuka mara mbili kutazama lile tundu.

Kupanda mchanga kulimshinda. Alisema miguu mizito. Nikamwambia ni uzee, nikampa bega. Mama alichukua namba yangu ya simu ili atujulishe kiota kingine kitakapokuwa tayari, akatuombea dua, tukarudi Pangani kulala.

Asubuhi ya Jumatatu nilipoamka alikuwa macho. Akasema vidole vinamwasha, na miguu haiinuki. Alisema hivyo hivyo tu, kama anatoa taarifa. Nikamwambia jana ulijilaza mchangani kama mtoto, sasa umebanwa na misuli, pumzika kidogo. Nikaenda kunywa chai. Nilikunywa chai na chapati, nikamsikiliza dereva habari za mashamba ya kwao Lushoto. Saa nzima. Saa hiyo mtu anirudishie, nitampa nyumba yangu.

Nilipopanda juu hakuweza kuketi. Tukambeba mimi na dereva, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye paja langu, gari likaondoka mbio kuelekea Tanga. Mwanzo alikuwa anazungumza. Aliniuliza kama nadhani vile vitoto vimefika mbali sasa. Nikasema vimefika. Tulipoipita Kigombe akanyamaza, na nikamshika kifundo cha mkono nikasikia mapigo yanakuja yakikatika, mapigo mawili, kisha hakuna, kisha moja. Dereva alizima kwaya yake.

Hospitalini walimhangaikia. Daktari akatoka, kijana mpole, akanisalimu shikamoo kwanza, hata katika hali ile, halafu akaniuliza jana mgonjwa alikula nini. Nikamtajia wali, samaki kidogo. Akauliza amekunywa nini. Nikasema kwa fahari, ndiyo, kwa fahari, kwamba hakunywa maji hata nusu kikombe, madafu tu. Akaniuliza mangapi.

Akanieleza taratibu. Dafu lina madini mengi ya potasiamu. Figo nzima huyatoa, iliyokufa haiwezi, yanabaki kwenye damu mpaka yanausimamisha moyo. Kwa mwenye vijiwe linaweza kumfaa. Kwa mtu wa mashine ni sumu. "Hamkuambiwa?" akauliza. Kabla ya adhuhuri sahibu yangu alikuwa ameshafariki.

Tulivuka Horohoro jioni ile na mwili wake na karatasi zake. Afisa akagonga muhuri pasi yangu, akaishika ile ya pili, akaitazama, akanirudishia bila kuigonga. Jumanne asubuhi, saa ile ile ya mashine yake, tulimzika. Mkewe nilimweleza kila kitu kabla ya maziko, nimesimama mlangoni, sikuthubutu kuketi. Hakunilaani. Aliingia ndani tu, na baada ya siku chache akanitumia begi la marehemu, akisema daftari lile la silikanti nibaki nalo mimi.

Ndani ya daftari mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Orodha ya vitu alivyokatazwa, kwa mwandiko wake wa ubaoni, mzuri, ulionyooka. Ndizi. Maembe. Viazi. Korosho. Na juu kabisa, kabla ya vyote, madafu, yamepigwa mistari miwili kwa kalamu nyekundu.

Nilikasirika. Nisameheni, lakini nilimkasirikia maiti. Nilitembea chumbani nikimtukana kwa jina lake. Ulijua! Neno moja tu ungesema. Ungesema si dawa, ni sumu, ungenitukana mbele ya yule mama, ungemwaga lile dafu mchangani. Nilimtukana mpaka mke wangu akaja kunishika, nikaketi chini nikalia kama sijawahi kulia tangu mama yangu afe.

Siku ya kumi na kitu baada ya maziko simu ikalia, namba ya Tanzania. Nikaijua sauti kabla hajamaliza salamu. Na salamu zenyewe zilikuwa ndefu: hali yangu, mke wangu, watoto, joto la Mombasa. Halafu akasema kiota cha pili kimeangua salama, mwambie mwalimu, hakupotea hata mmoja. Na yeye figo zake vipi?

Nikasema, "Mama, mwenzangu alifariki. Siku ya pili yake."

Alilia. Aliniambia inna lillahi, akaniombea subira, na akilia akasema, "Laiti mngekaa wiki. Siku moja haitoshi, mwanangu. Angekunywa wiki nzima angepona."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Nilikuwa nimeazimia kumwacha hivyo. Mwanamke wa miaka ile, nimwambie ili iweje? Mzigo wangu nilikuwa nimeuzoea na sikuona haja ya kumgawia.

Lakini akaendelea. Mke wa mpwa wake amepimwa Tanga wiki ile, figo, naye ameambiwa habari ya mashine. "Lakini nimeshamwambia mkwezi, kila asubuhi amshushie mawili. Huyu simwachi kama mwalimu."

Nikaketi. Nikamwambia asimpe. Nikamweleza alivyonieleza daktari, figo nzima na figo iliyokufa, vijiwe na mashine. Nilisema polepole. Nikamwambia ni mimi niliyemhimiza anywe.

"Wewe ulijua?" akauliza.

"Sikujua, mama."

"Na yeye?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimelifungua lile daftari miguuni pangu, mistari miwili myekundu inanitazama.

"Alijua," nikasema.

Nilimsikia akipumua.

"Basi alinistahi," akasema. "Alinistahi mimi, na mimi nikamwongeza la tatu."